Matanga ya Maharagwe

Mimi nilishika vichwa. Hilo liandikwe kwanza.
Miaka kumi na minane, kila Jumanne ya mwanzo wa mwezi,
nilipiga goti kwenye samadi pale Jilore,
nikakumbatia shingo ya mbuzi, kidevu juu,
na Daktari Nyevu akaupapasa mshipa kwa kidole gumba
kama mtu anayetafuta swichi gizani.

Mbuzi thelathini, hereni za plastiki masikioni.
Hakuwatibu. Hapo ndipo watu walipomshangaa.
Daktari gani huyu, anachota damu, dawa haachi?
Wengine walisema anaiuza. Wengine, anainywa.
Sidi Katana alimwuliza usoni:
"Damu ya mbuzi wangu inalala wapi leo?"
Inalala kwenye barafu, mama,
barafu ya wauza samaki wa Malindi;
ndiyo maana kasha letu hunuka nguru,
na paka wa ofisini hutulaki kabla ya mkurugenzi.

Usiku mashine huzunguka, damu ikajitenga:
nyekundu chini, na juu yake maji
ya rangi ya mafuta ya ufuta.
Humo ndimo alimowinda ile homa
iliyopewa jina la bonde la mbali
ilhali kwetu huja na mbu, nyuma ya mafuriko.

Daftari lake nalijua kwa moyo.
Hasi. Hasi. Hasi.
Mwaka nilipooa, hasi.
Mwaka alipomzika mamake Jumapili, Jumanne akarudi, hasi.
Mwaka fedha za mradi zilipokatika
akanunua sindano kwa mshahara wake,
hasi.
Nikamwambia, Daktari, tunalinda nyumba isiyo na mwizi.
Akasema, "Shika kichwa."

Kisha ile mvua. Sabaki ikapanda hadi kwenye mahindi,
mbu wakawa wengi hata ukifungua kinywa kusalimu
umekwisha kumeza wawili.
Nambari kumi na saba akatupa mimba.
Sidi alikuwa amekwisha kuinama, mikono mitupu,
Daktari akapiga ukelele ambao sijausikia tena:
"Kiache!"
Siku ya tatu, chini ya taa ya ofisi,
akaandika neno jipya, kalamu ikatoboa karatasi.

Na Jumamosi ilikuwa matanga ya babake Sidi.
Ng'ombe wawili, mbuzi tisa, wamefungwa mkoroshoni.
Akasimama kati ya kisu na mnyama,
viatu vya mpira vimejaa tope,
akasema hachinjwi mnyama hapa leo.
Mjomba mmoja akamwuliza
kama huko chuoni kwao watu hawafi.
Wakamwita mchawi. Wakamtaja mamake.
Sidi ndiye aliyefungua kamba, fundo baada ya fundo,
asimtazame mtu,
kisha akaenda dukani akakopa gunia.

Tukala maharagwe. Watu mia mbili
wakitafuna kama wanaotafuna matusi.
Hadi leo, sokoni, ukisema Daktari Nyevu
watakuuliza, yupi?
Sema Maharagwe, watakupeleka hadi mlangoni.

Nani alikufa? Sina kaburi la kukuonyesha.
Ninachoweza kukuonyesha ni machinjio,
yaliyofungwa wiki saba,
na Kahindi mchinjaji aliyeuza baiskeli yake
akaacha kumwamkia Daktari.
Anapita. Daktari humwamkia vilevile.

Juzi amestaafu. Wamempa saa ya ukutani na leso mbili.
Hotuba ilitaja makala yake, na nchi alizoalikwa.
Mbuzi, haikuwataja.
Akanivuta kando, nikadhani atalia.
Akaniuliza ni nani atakayeshika sindano Jumanne.
Nikamwambia wanaleta kijana, ana shahada mbili,
Kigiriama hajui.
Akafikiri, akiigeuza ile saa mikononi.
"Mwambie ishirini na tatu hupiga teke.
Mguu wa kushoto."